Picha za ukumbini usiku: lenzi ya f/1.8 kwanza, bodi baadaye

Ukumbi wa send-off Moshi, saa mbili usiku, kamera ina lenzi ya zumu ya 18-55mm iliyokuja nayo kwenye boksi. Kamera inapanda hadi ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga) na uso wa bibi harusi unajaa chenga, yaani vidoadoa. Wengi hapo huanza kutafuta bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye ISO kubwa zaidi, na ndipo pesa inapopotea.

Kupandisha ISO hakuongezi mwanga. Kunakuza kile ambacho sensa, kipande cha ndani kinachopokea mwanga, imeshapokea, chenga zikiwemo. Lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), ilhali ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Picha ya ISO 6400 unaipiga kwa ISO 640 hivi, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ikibaki 1/125 ya sekunde ileile.

Kwa hiyo namba moja ni lenzi isiyo na zumu ya f/1.8. Mwenye Canon EOS ya DSLR (kamera yenye kioo ndani) achukue EF 50mm f/1.8 STM: ina gramu 160 tu, na iliyotumika katika hali nzuri haina ubaya. Kwa sensa ndogo (APS-C), iliyomo kwenye kamera nyingi za bei nafuu, 50mm inabana sana sebuleni. Utaegemea ukuta na bado shangazi mmoja atabaki nje ya picha. Mwenye Nikon ya sensa ndogo ana bahati ya AF-S DX 35mm f/1.8G, inayotosha vyumba vyetu vizuri. Usiuziwe 50mm f/1.8D kwa ajili ya D3400 au D5300, maana bodi hizo hazina mota ya kuizungusha na utafokasi kwa mkono usiku kucha.

Kosa la kawaida la f/1.8 ni kina kifupi. Kwa 50mm kwenye sensa ndogo, mtu akiwa mita 2, kinachoonekana vizuri ni kama sentimita 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi jicho la karibu. Familia ikijipanga safu mbili, funga hadi f/4 na ukubali ISO ipande.

Namba mbili ni flashi ya juu ya kamera inayogeuza kichwa. Ielekeze kwenye dari jeupe. Chini ya turubai la rangi haifai, kwani nyuso zinachukua rangi ya kitambaa. Kanisani uliza kwanza kama inaruhusiwa.

Namba tatu, zumu ya 17-50 f/2.8. Inapitisha mara nne ya f/5.6, na inamfaa anayefanya kazi peke yake asiyepata nafasi ya kubadilisha lenzi.

Bodi ya fulu-fremu (yenye sensa kubwa) iliyotumika, mfano Canon 6D, inakuja ya nne. Sensa yake ina eneo kama mara mbili na nusu ya sensa ndogo ya Canon, faida inayozidi kidogo hatua moja ya mwanga (hatua moja ni mwanga mara mbili). Tena lenzi za EF-S, zile za Canon za sensa ndogo, haziingii kwenye 6D, kwa hiyo unaweza kubaki na bodi tupu.

Mpangilio huu unageuka kwa anayepiga wanyama Tarangire au Arusha National Park jioni. Lenzi ya Canon EF 300mm f/2.8 ina uzito unaozidi kilo 2 na bei yake ni ya kutisha. Hapo sensa kubwa ndiyo ya kulipia. Mlima Kilimanjaro alfajiri hauhitaji chochote kati ya hivi: stendi imara, ISO 100, f/8.

Ukinunua lenzi iliyotumika, pitisha tochi ya simu kwa nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Vumbi kidogo si tatizo. Kisha piga maandishi ya gazeti kwa f/1.8, halafu f/4. Ikiwa f/4 nayo ni hafifu hata ukifokasi kwa mkono, lenzi ina kasoro.

Picha zikitoka na mistari ya giza chini ya taa za LED, tatizo si lenzi. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/100 au 1/50, na uzime shata ya kimya (ya kielektroniki).