Leseni ya Windows kwa Kompyuta ya Nyumbani: Anza na Ile Uliyokwisha Kuilipia

Dada yangu anafundisha sekondari moja huko Kongwa. Siku moja alishuka Dodoma mjini na laptop begani, kioo kikiwa kimejaa maneno ya kumdai leseni ya Windows. Miezi mitano nyuma yake duka moja la hapa mjini lilikuwa limemuuzia "ufunguo" kwa shilingi 35,000, namba zimeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Siku ile ulikubali. Sasa umekataliwa, na aliporudi dukani akaambiwa anunue mwingine. Akaniuliza, "Kaka, kwani leseni nayo inaisha kama bando?"

Nilipoifungua mashine nikaumia. Laptop hiyo aliinunua mpya, na leseni yake halali ilikuwa humo humo tangu kiwandani. Ila ilikuwa ya Windows Home, toleo la nyumbani, na fundi aliyeipiga Windows upya alimwekea Pro, toleo la kiofisi, ndiyo maana mashine haikuitambua leseni yake yenyewe. Tulirudisha Home, tukaiunganisha na intaneti, ikajiamilisha bila kuuliza namba yoyote. Gharama ilikuwa bando tu.

Kwa hiyo huu mpangilio wangu, kuanzia chaguo bora hadi lile la kukimbia, hauanzi na duka lolote.

Namba 1: leseni iliyomo ndani ya mashine (shilingi sifuri)

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa kama HP, Dell na Lenovo huandika ufunguo wa Windows kwenye chipu iliyo kwenye ubao mama. Ndiyo maana laptop za siku hizi hazina stika yenye namba 25 mgongoni. Ukifuta diski, ukibadilisha diski, ukiiuza mashine, ufunguo unabaki palepale.

Kujua kama unao, bofya sehemu ya kutafutia, andika PowerShell, ifungue, kisha andika mstari huu kama ulivyo:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25, mashine yako ina ufunguo wa kiwandani. Usizipige picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu angalia Windows iliyopo sasa inakula leseni ya namna gani. Andika humo humo kwenye PowerShell slmgr /dli na ubonyeze Enter. Kisanduku kitakachofunguka kikiwa na neno OEM_DM, unatumia leseni ya kiwandani. Kikiwa na RETAIL, ni leseni ya rejareja. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, shtuka. Hiyo ni leseni ya maofisi, ambayo mashine inatakiwa kuwasiliana na seva ya ofisi na uhai wake ni siku 180 kila inapothibitishwa. Andika slmgr /xpr na utaiona tarehe ya mwisho. Dada yangu hakukosea kufananisha na bando.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Mafundi wengi wana flashi moja tu, yenye Windows Pro, na kila mashine inayoingia inapigwa hiyo hiyo. Laptop nyingi mpya zinazouzwa kwetu huja na Home, au Home Single Language ambayo ni Home ya lugha moja. Leseni ya Home haiwezi kuamilisha Pro. Kwa hiyo fundi anaweka Pro, anaona haikubali, anapiga krak, yaani programu ya kuidanganya Windows ijione ina leseni, na wewe unaondoka na mali ya wizi juu ya mali uliyoilipia dukani kwa jasho lako.

Mwambie fundi hivi: "Nipigie toleo lililo kwenye BIOS," yaani lile la ufunguo ulio kwenye chipu ya ubao mama. Ukiweza fanya mwenyewe: flashi ya GB 8, programu ya Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, na bando la kutosha, kwa sababu faili ni kubwa. Kisakinishi hicho rasmi husoma chipu na kuchagua toleo bila kukuuliza.

Tahadhari moja. Funguo za Windows 7 na 8 zilikuwa zikikubaliwa kwenye Windows 10 na 11 kwa miaka mingi, lakini Microsoft iliifunga njia hiyo Septemba 2023. Kompyuta ya mezani yenye stika ya Windows 7 iliyochakaa, ambayo haikuwahi kupandishwa kabla ya hapo, usiihesabie leseni.

Namba 2: Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, hasa kwa mashine yenye umri

Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine, na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 na kuendelea. Hapo ndipo zinapoachwa nje laptop nyingi za mtumba zilizojaa madukani, zile za kizazi cha 4 hadi cha 7. Kuinunulia leseni mashine ya namna hiyo ni kutupa hela.

Windows 10 ina nyongeza ya muda hadi 13 Oktoba 2026: dola 30, au bure ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ichukue kama unahitaji kupumua, lakini Windows yenyewe iwe halali.

Baada ya hapo, weka Linux Mint au Ubuntu, ambazo zote ni aina za Linux. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumgawia jirani yako wa Nkuhungu bila kuvunja sheria yoyote. Linux Mint 22 inatunzwa hadi 2029 na faili lake ni kama GB 3. Kwa mtu aliyetoka Windows, ningeanza na Mint, kwani menyu iko kona ileile uliyoizoea.

Watu wananiuliza, "Sasa kazi zangu za serikali itakuwaje?" Ajira Portal, TAUSI, NeST, BRELA, zote unazifungua kwenye kivinjari, iwe Firefox au Chrome. Haziulizi kama una Windows. Barua na majedwali utayaandika kwa LibreOffice, ambayo pia ni bure. Na hili si geni nchini kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, iliyokuja kuizaa LibreOffice, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Natamani ningeiona kwenye kila maabara ya kompyuta kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa.

Ila Linux haimfai kila mtu. Kama unatunza mahesabu kwa QuickBooks ya kusakinisha, bakia na Windows. Printa za HP nyingi hukubali vizuri, za kampuni nyingine zijaribu kwanza. Uzuri ni kwamba Linux inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu printa, Wi-Fi na sauti kabla hujaamua.

Namba 3: nunua leseni pamoja na mashine

Kama ulikuwa njiani kununua laptop, leseni ya bei nafuu kuliko zote inayolipiwa ni ile inayokuja nayo.

Kwenye mpya, soma boksi. Ukikuta imeandikwa FreeDOS, haina Windows, na ndiyo sababu bei yake iko chini. Muuzaji atakwambia "nakuwekea hapa hapa". Anachokuwekea ni krak. Linganisha bei yake na ya ndugu yake yenye Windows 11 Home, kisha ndipo ujue ipi ni rahisi kweli.

Kwenye mtumba, tafuta zilizotoka maofisini Ulaya: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490, Lenovo ThinkPad T480. Zote hizi zina matoleo ya Intel kizazi cha 8, na hayo ndiyo yanayoingia Windows 11, na kwa kuwa zilikuwa za ofisi, nyingi zina ufunguo wa Pro kwenye chipu. Usimwamini mtu kwa maneno. Kabla ya kutoa hela washa hotspot ya simu yako, endesha ule mstari wa PowerShell na slmgr /dli mbele ya muuzaji. Dakika tatu zinatosha. Anayekataa kukuruhusu, mshukuru na uvuke barabara kwenda duka linalofuata.

Dai risiti ya EFD, na iandikwe aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, na maneno "Windows 11 Home" au "Pro". Risiti iliyoandikwa "laptop" tu haitakusaidia siku ya mgogoro.

Namba 4: nunua kwa Microsoft moja kwa moja

Hii ni kwa waliounganisha kompyuta ya mezani wenyewe, au wenye mashine nzuri isiyo na leseni. Bei ya Microsoft nchini Marekani ni dola 139 kwa Home na dola 199 kwa Pro. Home peke yake inavuka laki tatu, na najua laki tatu Dodoma ni kodi ya nyumba ya mtu. Ndiyo maana nimeiweka ya nne.

Ukiamua, nunua Home. Pro inaongeza mambo ya kiofisi, kama kuiingiza kompyuta kwenye mtandao wa kampuni au kuifungulia ukiwa mbali. Mtoto anayefanya kazi za shule na mama anayeandika hesabu za kikoba hawatayagusa. Leseni hii ya rejareja ina faida moja kubwa: mashine ikifa unaihamishia nyingine, wakati ile ya kiwandani hufa na ubao mama wake. Lipa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard, iunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft, na hifadhi barua pepe ya malipo.

Wanachuo wa UDOM, Mipango, CBE na St John's, pitieni kwanza idara ya TEHAMA ya chuo mkaulize kama kuna leseni za wanafunzi. Kuuliza hakuna ada.

Za kukimbia

Funguo za elfu kumi, ishirini, arobaini. Nyingine ni za kampuni iliyonunua leseni moja ya mashine nyingi, mtu akazichuuza. Nyingine ni za majaribio ya watengeneza programu, au zimenunuliwa kwa kadi za wizi. Zinakubali leo kwa sababu Microsoft bado haijazifungia. Sisi wa Dodoma tunaijua vizuri tofauti ya kuonyeshwa kiwanja na kukabidhiwa hati: hizo namba 25 ni mtu anayekuonyesha kiwanja. Hata slmgr inaweza kusema kila kitu kiko sawa. Hati ni risiti kutoka kwa mwenye haki ya kuuza.

Ya mwisho kabisa ni krak. Karibu kila programu ya krak inakutaka kwanza uzime antivairasi. Fikiria unachoombwa: umfungulie mlango mtu usiyemjua, kwenye kompyuta unayofungulia akaunti ya benki. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki.

Kama tayari uko humo, usilipe chochote leo. Nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje, faili zako tu, programu uziache. Badilisha nywila ya barua pepe na ya benki ukitumia simu au mashine nyingine. Kisha endesha ule mstari wa PowerShell. Zikitokea zile namba 25, futa diski yote na upige toleo lake upya. Zisipotokea, pakua Mint.