Ofisi ya kupima chansi za vyuo vya nje pale Mwanjelwa, nyota mbili na ya pili nimeitoa kwa shingo upande

Hii naiandika kwa ajili ya wazazi na makaka wenye wadogo zao waliomaliza form six, hasa nyie wa Mbeya mjini, maana ofisi yenyewe iko huku huku Mwanjelwa, ghorofani, chini kuna duka la vitenge na pembeni steshenari. Jina siliandiki, sitaki kesi mimi. Ila kama umeshaona tangazo linasema "jua chansi yako ya kuingia Harvard, Yale, Cornell KWA ASILIMIA" basi unajua naongelea kitu gani.

Mdogo wangu wa kike kamaliza PCM, hesabu A, fizikia B, kemia B, divisheni wani ya pointi 5. Nyumbani ilikua sherehe, mama kachinja kuku wawili, kapiga simu mpaka Tukuyu kwa watu ambao hajaongea nao tangu msiba wa babu. Sasa wiki hiyo hiyo dogo ananiambia kaka mi nataka kujaribu Marekani. Mimi nauza makava na chaja pale Kabwe, mama analima viazi, mzee hatunaye, nikamwangalia nikasema mmh. Lakini mtoto kaleta wani utamkatalia vipi hata kujaribu? Nikafunga duka saa nane mchana nikampeleka.

Mapokezi sina neno. Karibu kaka, karibu mdogo wangu, maji ya chupa, viti vya kuzunguka. Mshauri kavaa tai mpaka shingoni na hiyo ni mwezi wa saba baridi la Mbeya mnalijua, wengine wote tuna masweta. Akatupa fomu ya kurasa mbili: matokeo ya form four, matokeo ya form six, uongozi shuleni, michezo, na mahali pameandikwa "ndoto zako" mistari minne. Kuna kiboksi cha alama za SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), dogo akauliza hii sijafanya niandikeje, akaambiwa acha wazi haina shida. Shilingi 60,000, nikalipa kwa simu, njooni baada ya siku tatu.

Hapo kwenye fomu kuna kitu hakikuwepo na mimi mfanyabiashara mzima sikukiona, nilikuja kukiona baadae kabisa. Ntarudi hapo.

Ripoti ikatoka. Kurasa sita, ya rangi, imebanwa spirali, plastiki mbele, yani kwa muonekano ni kitu cha kuweka kabatini. Harvard 72%, Yale 69%, Cornell 81%, kila moja na kimstari chake cha kijani. Dogo alikaa kwenye bajaji njia nzima kaweka kidole kwenye ile 81 kama mtu anayeogopa itafutika. Kufika nyumbani mama kavaa miwani, kasoma taratibu, akauliza "kwahiyo hii ya themanini na moja ndo wameshamchukua?" Tukacheka, ila kiukweli mama ndo alielewa vizuri kuliko sisi, maana namba kama hiyo mtu wa kawaida ataisoma hivyo hivyo.

Usiku nikaisoma yote. Ukurasa wa nne unaanza na jina la kijana mwingine kabisa (silitaji, hana kosa mtoto wa watu) alafu unampongeza kwa ufaulu wake wa baiolojia. Dogo baiolojia aliiaga form four. Hapo ndo nikaanza kuchimba na bando langu la usiku.

Sikieni. Harvard kwa darasa lililoanza 2024 waliomba watu 54,008 wakachukuliwa 1,937. Piga kikokotoo, haifiki hata wanne kwa kila mia. Na hao wanaoomba sio wa kubahatisha, ni vichwa vya dunia nzima, waliokua wa kwanza kwenye shule zao India, China, Nigeria, huko huko Marekani. Sasa kama mdogo wangu na pointi zake 5 ana 72, wale elfu hamsini na mbili waliokosa walikua na ngapi? Na SAT hajafanya! MIT walirudisha sharti la SAT 2022, Harvard wakarudisha 2024, afu mtu anakupa asilimia na kiboksi kiko wazi.

Nikasema ngoja niwapime na wao. Wana kipimo kifupi cha bure, unajaza kwenye simu kinakupa chuo kimoja. Nikajaza matokeo YANGU. Mimi HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), divisheni thrii, sitanii, cheti kiko hapa, na kwenye uongozi nikaandika nilikua kiranja wa jikoni ambayo ni kweli kabisa. Yale 64%. Nikampelekea dogo skrinshoti, hakujibu, akaja chumbani kwangu akanirushia mto. Kwahiyo kati ya wani ya PCM na thrii ya HKL iliyofutwa vumbi tofauti yetu pale Yale ni asilimia tano tu, jamani.

Ila nisiwe mtu wa kuponda tu, ukurasa wa mwisho ulikua wa maana na hapo ndo ilipotoka nyota ya pili. Ukurasa huo ni wa vyuo vya ndani na hakuuandika yule wa tai, aliuandika dada mmoja anayekaa meza ya kona karibu na printa. Siku tunachukua ripoti alituita, akafungua kitabu cha mwongozo cha TCU (tume ya vyuo vikuu) kilichochakaa mpaka pembe zimekunjika, akachukua penseli akamhesabia dogo mbele yetu, na hii hesabu ya vyuo sio ile ya divisheni, huku namba kubwa ndo nzuri: A ni 5, B ni 4, B ni 4, una 13. Kiwango cha chini cha digrii nyingi ni prinsipo (masomo makuu uliyofaulu) mbili zenye jumla ya 4, kwahiyo mlango wa injinia uko wazi, kilichobaki ni ushindani, unaomba kozi gani na wenzako wamekuja na ngapi. Akamwambia omba UDSM, omba MUST hapa nyumbani, ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba ya siri (code) unayotumiwa, usilale. Akamwambia na ya mkopo wa HESLB, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha kifo cha mzee vihakikiwe mapema sio siku ya mwisho. Akagusia na ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sayansi. Dakika ishirini, hakuandika asilimia hata moja.

Na nilivyokaa nikafikiria nikaona tofauti iko wapi. Huku kwetu wanaangalia matokeo, unaweza kukaa na penseli ukajua uko wapi. Kule kwa wenzetu matokeo ni tiketi ya kuingia tu uwanjani, baada ya hapo wanasoma insha yako ya maneno yasiyozidi 650, wanasoma barua za walimu, wanaangalia ulifanya nini ukiwa hapo ulipo na ulichokua nacho, na mwaka huu wanataka watu wa aina gani. Hiyo huwezi kuiweka kwenye kimstari cha kijani hata ukiwa na tai ngapi. Unachoweza kusema kwa haki ni: kwa vyuo hivi kila mtu chansi yake ni ndogo, hata aliye bora, ya kwako ni ndogo sana au ni ndogo kidogo, basi.

Sasa ile niliyosema ntarudi. Fomu nzima hakuna mahali wanauliza NANI ATALIPA. Mi kila siku dukani swali la kwanza ni una shilingi ngapi mkuu, nimelisahau siku hiyo. Vyuo hivi vingi vimeshavuka dola 80,000 kwa mwaka ukiweka ada na chumba na chakula. Mama akiuza viazi vyote vya Isyonje na shamba lenyewe juu hatufiki. Na hili sio swali la baadae ukishachukuliwa, kwa vyuo vingi ndo lenyewe linaamua uchukuliwe au la! Viko vichache ambavyo hata kwa mwanafunzi wa nje ya Marekani hawaangalii mfuko wako wakati wa kuchagua, alafu wakikuchukua wanakufidia pengo lote la hela: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin ni miongoni mwao. Vingine, na Cornell wamo, ukiwa wa nje na unaomba msaada basi ule uombaji wako wa hela unawekwa mezani pamoja na matokeo yako. Yani ile 81, namba kubwa kuliko zote, wameiweka kwenye chuo ambacho umaskini wetu unahesabiwa. Nilivyoelewa hivyo nilikasirika nikashindwa kulala, sio kwa ile elfu sitini, kwa kile kidole cha dogo kwenye bajaji.

Na ripoti inasema eti anaweza kupata "skolashipu ya ufaulu" Harvard. Hakuna kitu kama hicho. Vyuo vya Ivy League (lile kundi la vyuo vikongwe vya Marekani, Harvard, Yale na Cornell wamo) havitoi hela kwa sababu una akili, wote wana akili pale, wanatoa kwa kuangalia uwezo wa familia tu. Kwetu sisi hiyo ni habari njema kuliko ya mshauri, lakini hakuijua.

Nimejifunza vingi bure kabisa na nawaachia. Ubalozi wa Marekani Dar wana huduma inaitwa EducationUSA, ushauri wao hulipii. Vyuo vingi vya kule kila mwaka vinatoa waraka unaitwa Common Data Set, tafuta hilo jina na jina la chuo, ni majedwali matupu yanachosha ila shuka mpaka sehemu ya H6, hapo wanaandika wamewasaidia hela wanafunzi wangapi wa nje na kwa wastani wa dola ngapi. Mimi na dogo tumekaa nazo usiku kucha tukiwa na chai ya rangi, ukiona chuo kimesaidia watu wawili watatu unakifuta, huhitaji mshauri. Sehemu ya C9 inaonyesha walioanza mwaka wa kwanza walikua na SAT za kati ya ngapi na ngapi, unajiweka hapo na majaribio yako ya nyumbani, programu ya Bluebook ya kujaribia SAT ni bure na mazoezi ya Khan Academy ni bure. Ile ada ya kuomba nayo usiogope, kwenye Common App (tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa fomu moja) unaomba usamehewe kama hali ni ngumu.

Kitu kingine ambacho ofisi haikusema: kule wanaomba kuanzia mwezi wa nane, wa kuwahi mwisho ni tarehe za mwanzo za mwezi wa kumi na moja, wengine mwanzoni mwa Januari, majibu mpaka mwishoni mwa Machi, chuo mwezi wa nane tena. Yani ni mwaka mzima. Na ukishaanza chuo hapa, vingi vya kule vinaweza kukuhesabu kama mtu wa kuhamia sio wa kuanza, na wanaohamia nafasi ni finyu zaidi. Kwahiyo inabidi muamue kama familia, sio dogo peke yake, na sio siku ambayo dirisha la TCU linafungwa kesho yake. Sisi tulibishana siku nne. Mama alisema mtoto wa kike kukaa nyumbani mwaka mzima hapana, dogo akalia, shangazi akapigiwa simu. Mwisho dogo kaomba vya hapa, akipata anaanza, na kule anatuma vinne tu kabla hajaripoti chuo, vile vya kufidia pengo lote. Kama wataleta kona ya kuhamia tutajua huko huko. SAT anaenda kufanyia Dar, kilomita zaidi ya 800 kwa basi kwa ajili ya mtihani wa saa mbili na kidogo, hiyo nauli ndo ile elfu sitini ingelipa.

Nilirudi kudai. Nikaenda na ukurasa wa nne mkononi. Yule wa tai akasema ni hitilafu ya mfumo, nikamuuliza mfumo ndo umesoma baiolojia? Watu wawili waliokua wanasubiri wakageuka. Akanivuta pembeni, tukavutana, mwisho kanirudishia elfu ishirini na kalenda ya ofisi. Nimeichukua kalenda, kwanini niiache.

Ukiamua kwenda bado, ngazi ni zile za nyuma sio za mbele, mbele kumefungwa, panda asubuhi kabla ya saa nne maana mchana yule dada wa meza ya kona anakua ametoka kupeleka fomu za watu. Mwambie unataka ukurasa wa vyuo vya ndani peke yake. Ni elfu kumi na tano, nimeuliza.