Corolla 110 yangu na themostati iliyochomolewa

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, na kwa miaka miwili niliiendesha bila themostati, yaani kile kifaa kinachozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sikujua. Aliyeniuzia hakuniambia, na huenda naye hakuambiwa. Nilichokuwa nakiona ni mshale wa temperecha: kwenye foleni ya Ubungo unapanda vizuri, nikishavuka Mlandizi na barabara ikafunguka, unashuka chini kabisa kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa. Mafundi wawili waliniambia nishukuru Mungu, gari halichemshi.

Julai mwaka jana tukaenda Njombe kwa wakwe. Anayeijua Njombe ya Julai anajua baridi yake. Nikawasha hita tangu Mafinga, ikatoa uvuguvugu, halafu upepo mtupu. Mwanangu alifika amejifunga kanga mbili na koti langu juu. Kesho yake asubuhi nafungua kifuniko cha oili, nakuta povu zito la rangi ya chai ya maziwa. Nikadhani gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yamechanganyika na oili.

Aliyenituliza ni fundi mmoja mtu mzima wa hapo hapo Njombe. Alichomoa stiki ya kupimia oili, oili ilikuwa safi. Akatazama rejeta, maji hayana mafuta. "Mwanangu, injini yako haipati moto," akasema. "Unyevu haukauki, unaganda hapo kwenye kifuniko." Akachomoa mpira wa chini wa rejeta, akafungua nati mbili namba 10, akanionyesha tundu tupu. Wengi huitafuta themostati kwenye mpira wa juu. Kwa injini hii iko chini, pale maji yanapoingilia.

Yeye ndiye aliyenifundisha themostati inavyofanya kazi. Ndani ina nta inayotanuka ikipata moto na kusukuma mlango. Ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na zikifika 95 inatakiwa iwe imeachia milimita 8 au zaidi. Upande wa ndani ina kisahani kinachoziba njia ya mkato. Ukiichomoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo yale maneno kwamba nchi yetu ni ya joto, themostati ya nini, yanaweza kukuponza siku unapanda mlima wa Kitonga na mzigo. Na kompyuta ya gari ikiona injini bado ya baridi, inaongeza petroli.

Niliporudi Dar nilinunua Kariakoo ya shilingi 12,000. Fundi wa Njombe alikuwa amenisisitizia nisifunge kitu kabla ya kukipima, basi nikaazima sufuria jikoni, nikabana uzi kwenye mlango wa themostati na kuining'iniza ndani ya maji pamoja na kipimajoto. Nyuzi 85, kimya. 90, kimya. Maji yanatokota, ndipo ikaachia uwazi ambao hata kadi ya benki ingepita kwa shida. Ningeifunga hiyo, gari lingechemsha kweli, na lawama zote zingeiangukia themostati. Nikarudi duka jingine, nikatoa 45,000 kwa orijino ya Kijapani iliyogongwa namba 82. Kwenye sufuria ile ile, ilipofika 83 uzi uliachia na themostati ikazama. Hii naipa nyota tano.

Kuifunga ni kazi ya saa moja, injini ikiwa imepoa kabisa. Weka ringi mpya ya mpira, na kile kitobo chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu ili hewa itoke. Tulijaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, tukaacha injini iungurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita imefunguliwa mpaka mwisho, hadi mapovu yakaisha na mpira wa chini ukapata moto. Feni nayo ilikuwa imeungwa dairekti, inazunguka muda wote. Fundi umeme akairudisha kwenye swichi yake. Ilipojiwasha na kujizima yenyewe mara ya kwanza nilipiga makofi.

Maji ya kisima siweki tena kwenye rejeta. Hapa Dar visima vingi vina chumvi, na kutu niliyoikuta kwenye lile tundu ilikwanguliwa kwa msasa. Kulanti nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na siku hiyo themostati inarudi kwenye sufuria.

Juni mwaka huu tumekwenda tena Njombe. Zamani lita moja ilinipa kilomita 10, safari hii imenipa 12. Mshale ulikaa chini kidogo ya katikati, Kitonga ukapita bila kutikisika. Tulipofika Makambako usiku, vioo vyote vina ukungu wa baridi kwa nje, mwanangu kule nyuma alikuwa amevua koti na amelala.