Bima kubwa au kozi ya udereva wa kujihami kwa kijana wako?
Wengi tunakimbilia bima kubwa, na kweli inasaidia, kijana akiparamia ukuta hata gari yako mwenyewe inatengenezwa, ila ile sehemu ya kwanza ya hasara unatoa mfukoni na mwakani bei inaweza kupanda. Kozi haitengenezi bampa. Lakini inamzoesha kuacha sekunde 3 nyuma ya gari la mbele, maana kwa spidi ya 90 kila sekunde gari inakula mita 25, wangu nilimwambia ahesabu kwa sauti toka gari la mbele lipite nguzo, akafika moja tu tushaipita, ndo akaachia mafuta. Mi ningeanza na kozi, bima ya lazima, ile ndogo ya kulipa utakaowagonga, ikiwepo. Na ulizeni kampuni kwanza, baadhi wanapunguza bei ukileta cheti.