Masta ya IT ya jioni na wikendi hapa Mbeya, kwa mnaouliza kama inalipa

Naulizwa sana kuhusu hii masta, hasa na jamaa walioajiriwa huku kwetu Mbeya, Songwe na Njombe, basi naandika yote kwa mara moja. Nimemaliza, nimedefendi, kitabu cha utafiti kimeshabaindiwa. Nawapa nyota nne kwa tano. Jina la chuo naliacha maana kuna mahali nitalalamika na sitaki mtu amwage unga kwa ajili yangu, na isitoshe ninachotaka kusema kitakufaa chuo chochote utakachoenda: ukitaka kujua kama hela yako itarudi, muulizie supavaiza, yani mwalimu atakayesimamia utafiti wako, kabla hujaulizia ada.

Kwanza muundo, haraka haraka. Mwaka wa kwanza ni semista mbili za darasani, alafu unaingia kwenye utafiti, unaandika proposo, unaitetea, unakusanya data, unaandika disatesheni na kuitetea tena. Kuingia kwa kawaida wanataka GPA kuanzia 2.7 ya digrii ya kwanza. Hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, siyo chuo tu, programu. Bumu sikupata, nilijilipia kwa awamu, kila awamu na kontroo namba yake.

Darasani kwetu kulikuwa na mchanganyiko mzuri, maafisa TEHAMA wa halmashauri, watu wa benki, walimu wa kompyuta, dada mmoja anayesimamia mfumo wa wagonjwa hospitalini. Kiukweli nusu ya nilichojifunza mwaka wa kwanza nilijifunza kwa hawa, maana ukizungumzia usalama wa mitandao mtu anakuambia kabisa kazini kwake pasiwedi zimebandikwa ukutani, mnaanzia hapo kujadili. Masomo mengine lekchara anasoma slaidi mwanzo mwisho, hizo ungeweza kuzisoma mwenyewe ukiwa kitandani na baridi hii ya Juni. Ila lile somo la mbinu za utafiti ambalo kila mtu analiogopa, jamani msilikwepe, lile ndilo linakutenganisha na mtu anayejua kutengeneza mifumo tu. Na kama shida yako ni kutengeneza app, usilipe ada ya masta, YouTube na freeCodeCamp zipo bure, kaa nazo miezi kadhaa utatoka fundi.

Sasa tuje kwa supavaiza. Mi nilitaka kufanya modeli, yani programu inayojifunza kwa mifano, ya kutambua ugonjwa wa viazi mviringo kwa picha ya jani, kitu kinachotuhusu huku kwetu. Wote wanaofanya hii mada wanaanzia PlantVillage, mkusanyiko wa picha 54,306 za majani, mazao 14, makundi 38 ya zao na hali ya jani lake, uko bure mtandaoni, na viazi vimo, jani lisilo na ugonjwa, bakajani tangulia (early blight) na bakajani chelewa (late blight). Ukifundisha modeli kwa hizo picha unapata usahihi wa asilimia tisini na kitu bila jasho, na wanafunzi wengi wanaishia hapo, wanachora grafu, wanadefendi, wanaenda nyumbani. Supavaiza wangu akanipa utafiti wa 2016 wa Mohanty, Hughes na Salathé, waliopata asilimia 99.35 kwa hizo hizo picha, alafu akaniambia nisome mpaka mwisho. Huko mwisho wanasema wazi walipoijaribu modeli yao kwa picha zilizopigwa mazingira mengine ilishuka mpaka kwenye asilimia 31. Sababu ni kwamba zile za PlantVillage ni jani moja limechumwa, limelazwa juu ya kitu cha rangi moja, mwanga safi. Shambani hakuna jani la hivo.

Akanituma mashamba ya viazi ya Umalila, na simu ya kupigia picha. Yani hapo ndo masta ilipoanza kuwa masta. Ukungu wa asubuhi, majani yamelowa, tope limerukia juu ya jani, kivuli cha kichwa chako mwenyewe kwenye picha. Modeli ikawa inasoma tope kama ugonjwa, bila aibu, tena kwa uhakika mkubwa kabisa. Siku moja mama mwenye shamba akaniangalia napiga picha jani kwa juu, akacheka akasema, "Mwanangu, geuza jani." Nikageuza, chini kulikuwa na kama unga mweupe umezunguka lile baka, ndiyo vimelea vya bakajani chelewa vinavyotoka hali ya hewa ikiwa na unyevu, jua likikolea huvioni tena. Nikamwambia asante mama, umenisaidia kuliko vitabu. Tangu siku hiyo tukawa tunapiga picha juu na chini, asubuhi mapema, na supavaiza akanifanya niandike sura nzima kuhusu namna ya kupiga picha kabla ya kuongea habari ya algoriti yoyote. Wakaguzi wa kitabu waliniuliza sana kuhusu hiyo sura.

Sasa mwenzangu wa darasa hilo hilo, ada ile ile, supavaiza wake alikuwa anajibu ujumbe kwa mwezi mara moja, tena neno "endelea". Mpaka leo hajadefendi na analipia kuongezewa muda. Ndo maana nasema.

Vifaa: maabara ya chuo ina kompyuta lakini za kufundishia modeli hamna, nilitegemea Google Colab ya bure, kompyuta za Google unazotumia kwa mtandao, ambayo inakukatia katikati ya kazi ikijisikia, na Kaggle, wa aina hiyo hiyo, wanaotoa kama saa 30 kwa wiki za GPU, chipu inayoharakisha kufundisha modeli. Weka modeli yako ijihifadhi kila baada ya hatua, umeme wetu mnaujua. Imeili ya chuo idai siku ya kwanza, bila hiyo unasumbuka kupata vya bure vya wanafunzi vya GitHub na JetBrains, zana za kuandikia na kutunzia kodi, yangu ilichelewa mno. Na wanaotaka kutumia data za wagonjwa au wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, yule dada wa hospitali alirudishwa kuondoa majina yote na kuomba vibali upya.

Nyota niliyoinyima ni ya ratiba na wakaguzi. Watu wanatoka Tunduma alfajiri, mtu yuko Mlowo kwenye basi ndo meseji inaingia kwenye grupu kwamba kipindi kimehamia Zoom. Hii ilijirudia na hakuna aliyeomba radhi. Alafu kitabu kikishaenda kwa mkaguzi wa nje kinapotea huko, unapiga simu ofisini unaambiwa subiri, na muda huo huo uhasibu wanakukumbusha deni la semista mpya. Siyo haki kumtoza mtu kwa kuchelewa ambako hakukusababisha yeye, na chuo wanapaswa kulibadilisha hilo.

Kwa anayetaka kuomba mwaka huu, kabla ya kulipa chochote nenda maktaba ya chuo waombe disatesheni za IT za miaka ya karibuni. Angalia ukurasa wa mbele nani alisimamia, tafuta waandishi wawili watatu, uwaulize waliandikishwa lini na walimaliza lini. Ukikuta rafu haina kitabu hata kimoja cha programu yako, omba kwingine.