Mizani ya bafuni inayodai kupima kalori za mwili

Mizani hii ya kioo niliinunua Kariakoo miezi mitano iliyopita, baada ya kupungua kutoka kilo 118 hadi 84, nikitaka kuhakikisha uzito haurudi. Katika kupima kilo haina kasoro: nikiipanda mara tatu mfululizo alfajiri, kabla ya chai, hutoa namba ileile.

Tatizo ni namba ya kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Mizani hupitisha umeme hafifu kwenye nyayo ili kukadiria mafuta, kisha hukokotoa kalori kwa uzito, urefu, umri na jinsia. Haijui kwamba aliyesimama juu yake amepungua kilo 34, na mwili uliopungua sana huwa bahili kuliko kanuni hizo zinavyotarajia. Kevin Hall na wenzake nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwapima watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, wakakuta kwamba miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa bado ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hizo ni karibu chapati mbili za mafuta!

Mimi niliiamini kalori 1,740 niliyoonyeshwa, nikapanga mlo wangu kwa kuitegemea, na ndani ya miezi miwili nikaongezeka kilo 3. Siku hizi hupima Jumamosi tu, nasoma kilo, halafu nashuka kabla kioo hakijafika kwenye kalori.