Ofisi ya kukodi Kijitonyama: nililipa kodi, kumbe nilinunua ruhusa

Kwa miezi minane nilifanyia kazi zangu za uhasibu katika jengo moja la Kijitonyama linalokodisha vyumba vya ofisi vilivyokwisha kuwekewa samani. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam wanazipenda huduma za namna hii, zinazowaepusha na kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa kasoro niliyoikuta nimeiona pia katika mikataba ya wateja wangu wawili waliokodi kwingine.

Huduma yenyewe ni nzuri. Umeme ukikatika jenereta huwaka papo hapo, intaneti haisumbui, na wageni wangu walipokelewa kwa heshima kila walipofika. Kwa upande huo sina lawama.

Lawama yangu inahusu mkataba na namna unavyouzwa. Kijana wa mauzo aliyenitembeza aliniambia, "Dada, ukishalipa kodi chumba ni chako," kisha akanipa karatasi yenye kichwa "Leseni ya Kutumia Nafasi", nami nikasaini nikidhani kwamba leseni ni jina jingine tu la pango. Asubuhi moja katika mwezi wa sita kadi yangu ilikataa kufungua mlango. Mafaili ya wateja wangu yalikuwa koridoni, yamepangwa juu ya toroli, na barua fupi iliyobandikwa kwenye faili la juu ilisema kwamba nimehamishiwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa ada ile ile, kwa kuwa mteja mwingine amechukua vyumba vyote vya mbele. Nilipolalamika nilionyeshwa kifungu cha nne, ambacho kinairuhusu kampuni kumhamisha mtumiaji wakati wowote.

Wakili niliyemwendea hakuanza na kichwa cha mkataba; aliniuliza kwanza ni nani mwingine aliyeweza kuingia chumbani mwangu bila ruhusa yangu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Pango humpa mpangaji haki juu ya mali yenyewe kwa muda uliowekwa, naye anaweza kumzuia kila mtu asiingie, hata mwenye nyumba, isipokuwa kwa masharti waliyokubaliana au yaliyowekwa na sheria. Leseni ni ruhusa tu, ambayo kazi yake ni kufanya kuwapo kwako mahali hapo kusihesabiwe kuwa ni uvamizi. Alinisomea kesi ya Street dhidi ya Mountford, iliyoamuliwa na Mahakama ya Malordi ya Uingereza mwaka 1985. Mama mmoja alikuwa akilipa pauni 37 kwa wiki kwa vyumba ambavyo mkataba wake uliviita vya leseni, na mahakama ikaamua kwamba ni mpangaji, kwa kuwa alikuwa na haki ya kukaa peke yake, kwa muda, kwa malipo. Lord Templeman alieleza kwamba anayetengeneza kifaa cha kuchimbia chenye meno matano ametengeneza jembe uma, hata akishikilia kwamba ni sepetu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, maana sheria ya Kiingereza tuliyoipokea ni ile iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920, lakini inaweza kutumika kama hoja ya kushawishi.

Kwa bahati mbaya, hoja hiyo haikunisaidia. Wafanya usafi waliingia chumbani kila jioni kwa kadi yao, fundi wa viyoyozi aliingia alipotaka, na kampuni ilikuwa na mamlaka ya kunihamisha. Kwa hiyo nilichokuwa nacho kilikuwa leseni kweli, kwa jina na kwa hali halisi. (Hii isichanganywe na leseni ya makazi iliyomo katika Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ambayo huwahusu wakazi wa maeneo ya mjini yasiyopimwa.) Sheria hiyo humtaka mpangishaji amwache mpangaji akae kwa amani, na inakubali hata pango la maneno matupu likiwa la mwaka mmoja au chini yake. Mwenye leseni kama yangu hategemei ulinzi huo, anategemea maneno ya mkataba wake peke yake. Jengo likiuzwa, kwa kawaida mnunuzi hafungwi na leseni hiyo, na anayebaki wa kudaiwa fidia ni yule aliyetoa ahadi.

Kwa mtu anayehitaji meza, anwani na chumba cha mikutano kwa miezi mitatu, ningeisifu huduma hii bila kusita. Kwa mwenye mafaili ya siri ya watu, au aliyeagiza bango na kuchapisha kadi zenye namba ya chumba, haifai.

Nimehamia chumba kidogo Sinza, kwa mkataba wa pango wa miezi 12, na mama mwenye nyumba hubisha hodi. Kampuni ilinirudishia amana yangu yote, na kwa hilo ninawashukuru. Ninachowaomba ni waliondoe neno "wapangaji" kwenye bango la mapokezi, na kifungu cha nne kisomwe kwa sauti kabla mteja hajashika kalamu.